Bolti ya Ishirini na Nne

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa kabla hawajavaa suti. Ni nchi nzuri. Ina barabara mbili na ofisi mia nne, na watu wake ni wapole kiasi kwamba hupanga foleni hata mahali ambapo dirisha bado halijajengwa.

Zamani watu wa nchi hiyo walilalia vitanda vya mafundi. Ulikwenda kwa fundi, ukamwambia unataka kitanda, akakupima kwa macho, akakuuliza bila aibu unalala na nani, na baada ya wiki mbili (yeye alisema siku tatu) ukapata kitanda ambacho wajukuu wako watakigombania. Kisha Mheshimiwa Msimamizi wa Kila Kitu akasafiri ng'ambo kwa ziara ya mafunzo. Huko mwenyeji wake alimwonyesha kwamba kitanda alicholalia kilikuja ndani ya boksi jembamba kama mlango. Mheshimiwa alilia. Aliporudi alihutubia taifa palepale uwanja wa ndege kwa saa tano, mabegi yake yakiwa bado yanazunguka.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa linalolala juu ya kitanda kilichotengenezwa na mtu mwingine ni taifa lililolala!"

Watu walipiga makofi sana. Hawakuelewa, lakini jua lilikuwa kali, na kila mtu alijua kwamba makofi hufupisha hotuba.

Tangu siku hiyo samani zote zikawa zinatoka Duka la Taifa, ndani ya maboksi, vipande vipande, kila mwananchi ajiungie mwenyewe. Useremala ukafutwa kwa tangazo. Maseremala hawakufukuzwa, maana serikali ile ilikuwa na huruma. Waliitwa kwenye semina ya siku mbili, wakapewa kofia za kijani, wakatoka wakiwa Washauri wa Uunganishaji, Daraja la Tatu. Kazi yao ikawa kukaa karibu na mtu anayeunga kitanda na kumsomea karatasi ya maelekezo. Kugusa hawaruhusiwi.

*

Katika mtaa mmoja wa nchi hiyo aliishi mshona sare za shule aitwaye Hidaya, pamoja na mama yake, Bi Siwema. Huyu mama alipika uji wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na kwa hiyo hakumwogopa mtu yeyote aliyewahi kuwa mtoto. Siku moja aliteleza uani akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu vizuri, na Jumatatu moja muuguzi akamwita Hidaya pembeni.

"Mama yako anatoka Ijumaa asubuhi. Kitanda chake hapa kimeshapata mtu mwingine. Nyumbani analalia nini?"

"Godoro, dada. Sakafuni."

"Sakafuni hapana. Kumwinua kutoka chini kila siku, ile nyonga itaachia tena, na ikiachia mara ya pili hatembei maisha. Nataka kitanda kinachofika hapa." Akajigonga goti. "Kikiwepo, mama atatembea. Kisipokuwepo, usije kunililia."

Hidaya hakuwa mtu wa kubishana. Hata nguo aliyoishona mwenyewe mteja akisema haimtoshi, yeye ndiye aliyeomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, akaenda Duka la Taifa, akarudi na boksi juu ya mkokoteni. Juu ya boksi palikuwa pameandikwa PUMZIKO NAMBA NNE, na kulikuwa na picha ya familia iliyoketi kitandani ikicheka, wote na viatu vyao.

Mshauri wa mtaa alikuwa Mzee Chondoma, ambaye kabla ya kofia ya kijani alitengeneza nusu ya milango ya mtaa ule. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaweka mikono chini ya mapaja ili isije ikafanya kazi kwa bahati mbaya.

"Chukua Kipande G," akasoma. "Kipande G, mwanangu, ni mfumbati, ule ubavu mrefu wa kitanda. Wao wanauita G. Mimi sijasema kitu."

"Na hiki je, fundi?"

"Usiniite fundi kwa sauti. Hilo ni tendegu, mguu wa kitanda. Hapa wameandika K. Ligeuze. Siyo hivyo, umeligeuza kama mtu anayeogopa kuliamsha. Ligeuze kama unavyogeuza chapati. Ahaa! Mikono inaniwasha, lakini endelea."

Kufikia alasiri kitanda kilikuwa kimesimama, na Hidaya akapapasa sakafuni kutafuta bolti ya mwisho. Karatasi ilisema bolti ni ishirini na nne. Alikuwa amefunga ishirini na tatu. Alitikisa boksi, akalichana, akachungulia ndani ya viatu vyake. Tundu la ishirini na nne, lile la kichwani linaloshika mfumbati, lilibaki linamkodolea macho.

"Labda moja tu haidhuru," alisema, akakaa kitandani polepole. Kitanda kikapiga magoti ya mbele kama ng'ombe anayetaka kulala, na Hidaya akateremkia ukutani.

"Karatasi inasemaje, fundi?"

Mzee Chondoma aligeuza karatasi. "Hatua ya kumi na sita. 'Furahia kitanda chako.'"

*

Jumanne Hidaya alizunguka kutafuta bolti inayolingana. Alijaribu ya baiskeli, ya pikipiki, ya jiko la gesi, na moja ambayo jirani aliapa hajui ilitoka wapi. Hakuna iliyoingia. Hilo halikuwa kosa la mtu. Samani za nchi ile zilifuata Kipimo cha Taifa: unene wa kila tundu ulikuwa sawasawa na kidole kidogo cha Mheshimiwa, kilichopimwa asubuhi ya baridi. Tena bolti zake zilikazwa kwa kuzungusha kushoto, kwa sababu kulia kulikuwa kumeshatumiwa na nchi jirani.

Alasiri Mzee Chondoma alikuja, akafunga mlango, akashusha pazia, akatoa leso mfukoni. Ndani ya leso kulikuwa na msumari.

"Wa kabla ya tangazo," alinong'ona. "Nimeuficha miaka tisa. Mama yako aliwapikia uji wanangu watatu. Acha nigonge mmoja, wakinikamata wanikamate."

Aliujaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni kilichobaki. Aligonga mara moja tu. Ubao ukapasuka, ukamwagika sakafuni kama sembe.

Mzee aliusaga kati ya vidole. "Hii siyo mbao, mwanangu. Huu ni unga uliofundishwa kusimama." Akaufunga msumari wake ndani ya leso, na Hidaya akajifanya haoni anavyofuta macho.

*

Jumatano Hidaya alikwenda Idara ya Vipuri Linganifu. Dirishani alikaa karani mmoja aitwaye Pulkeria, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikuwa ameiegemeza meza yake juu ya goti la kulia, na alionekana amezoea.

"Habari za kazi, dada."

"Kazi ipo. Shida?"

"Kitanda changu kimekosa bolti moja."

"Umekuja nayo?"

"Ipi?"

"Hiyo iliyokosekana."

"Dada, kama ningekuwa nayo..."

"Sasa tutajuaje inayolingana nayo? Hapa ni Vipuri Linganifu. Kitu hulinganishwa na kitu. Siwezi kulinganisha bolti na huzuni yako." Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayesoma ubao wa hospitali. "Basi kama haipo, imepotea. Lete hati ya upotevu ya polisi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba anaifahamu. Na picha mbili ndogo, nyuma rangi ya bluu."

"Picha ya bolti ambayo haipo?"

Pulkeria alifikiri. "Basi ya tundu. Liangalie mbele."

Hidaya alifanya yote. Polisi waliandika kwamba bolti ilionekana mara ya mwisho haijawahi kuonekana. Mwenyekiti wa mtaa alithibitisha kwamba anaifahamu toka utotoni na haijawahi kugombana na majirani. Mpiga picha alimruhusu aingie na mfumbati mzima kichwani, akauegemeza kwenye kitambaa cha bluu, akauambia, "Inua kidogo. Usikunje. Hapohapo."

Alhamisi asubuhi Pulkeria aligonga mihuri saba. Kwa kila mhuri meza iliruka na goti likaidaka. Kisha akamwelekeza kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi Gwandumi alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu nne mfukoni. Alisoma faili lote, akatazama picha ya tundu, akaguna kwa heshima.

"Binti, nani amekwambia imepotea?"

Akafungua kabati. Kutoka chini hadi juu kulikuwa na vichupa vidogo, na ndani ya kila kichupa bolti moja, na juu ya kila kichupa jina la mtu. Akapapasa, akatoa kimoja, akakifuta kwa kiganja.

"Hii hapa yako. Salama salimini. Hata vumbi haijapata."

Hidaya alinyoosha mkono. Mkurugenzi akakirudisha kichupa nyuma ya mgongo, taratibu, kama mtu anayemnyima mtoto kisu.

Ndipo alipomweleza. Siku ya kuzindua kitanda cha kwanza cha taifa, Mheshimiwa alifika kama mgeni rasmi akakuta vijana wameshakimaliza. Hakukuwa na kitu cha kufunga wala cha kukata. Alisimama dakika kumi mbele ya kamera, mikono ikining'inia, na hakuna aliyejua pa kuiweka. Ilikuwa aibu ambayo taifa lile halikutaka kuiona tena. Tangu hapo ikaamriwa kwamba kila boksi litolewe bolti ya mwisho, ihifadhiwe idarani, na ifungwe na mgeni rasmi peke yake.

"Tukiwaacha wananchi wamalize wenyewe vitanda vyao," aliuliza Mkurugenzi kwa upole, "sisi tutazindua nini?"

"Na mgeni rasmi wangu anakuja lini, bosi?"

Mkurugenzi alifungua daftari kubwa. "Waheshimiwa wapo kumi na wawili. Vitanda elfu sitini na moja. Kila mmoja anazindua kimoja kwa wiki, ukiondoa likizo na ziara... Miaka mia moja na kumi na tano."

Hidaya akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

"Ukileta cheti cha daktari," akaongeza Mkurugenzi, maana hakuwa mtu mbaya, "tunaishusha hadi mia na kumi."

"Mama anatoka kesho asubuhi. Akilala chini hatatembea tena. Naomba, bosi. Nitaifunga kimya kimya."

"Mwanangu, unadhani mimi ni jiwe? Na mimi nina mama." Mkurugenzi akaweka mkono kifuani. "Na yeye analala chini."

*

Hidaya alitoka, akakaa kwenye benchi la korido, akalia bila kusumbua watu. Benchi likainama upande wake, likataka kummwaga. Pulkeria alilisikia. Bila kuinuka, maana angeangusha meza, alivuta kitabu kinene akamrushia.

"Weka chini ya huo mguu mfupi. Kila anayelia hapo huwa anaanguka."

Kilikuwa Mwongozo wa Wageni Rasmi, toleo la tatu. Hidaya alikuwa miongoni mwa wale wasioweza kuweka kitabu chini ya kitu kabla ya kukifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma tena, akainuka akaenda dirishani.

"Dada Pulkeria, hapa wameeleza mgeni rasmi ni mtu gani."

"Kila mtu anajua mgeni rasmi ni mtu gani."

"Lakini sikiliza. 'Mgeni Rasmi ni mtu yeyote aliyealikwa kwa barua yenye mhuri. Anayechelewa kwa muda usiopungua saa mbili. Anayefika bila kujua shughuli inahusu nini. Na ambaye akiingia, watu wote husimama.'" Sauti yake ilizidi kushuka, karibu kupotea. "Hawajasema lazima awe Mheshimiwa."

Pulkeria alivua miwani. Alikuwa amefanya kazi pale miaka saba, na nyumbani kwake kulikuwa na kabati la nguo ambalo mumewe hulishikilia kila anapochagua gauni.

"Aliyeandika," alisema polepole, "hakuwahi kuwaza kwamba mtu mwingine naye anaweza kualikwa."

Akavuta karatasi yenye nembo. "Jina la mgeni?"

"Siwema."

"Cheo?"

Hidaya alifikiri. "Amestaafu. Alikuwa anapika uji."

"Mkurugenzi Mstaafu, Uji," aliandika Pulkeria, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikalala chini, na safari hii akaiacha.

*

Ijumaa saa nne kamili Mkurugenzi Gwandumi aliteremka kwenye gari mbele ya nyumba ya Hidaya. Alikuwa ameona mhuri, na mtu aliyeona mhuri hana haja ya kusoma barua. Nyuma yake Pulkeria alibeba bolti juu ya mto mwekundu. Uani kulikuwa na turubai, meza yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na chupa moja ya maji ambayo hakuna aliyethubutu kuifungua. Majirani walivaa nguo za sikukuu. Mzee Chondoma alipiga pasi kofia.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita.

"Huyu ni mkubwa," Mkurugenzi alisema kwa kuridhika, akijifuta jasho. "Mdogo hachelewi hivi."

Ukweli ni kwamba hospitali mtu wa kusaini alikuwa amekwenda kunywa chai. Saa sita na nusu bajaji iliingia uani, na ndani yake alikuwemo Bi Siwema, muuguzi ubavuni, kiti cha magurudumu kimefungwa kamba nyuma. Walipomshusha, watu wote wakasimama. Mkurugenzi naye akasimama, akavuta koti, akaangalia nyuma ya bajaji kumtafuta mgeni.

"Hidaya!" aliita Bi Siwema. "Hawa watu vipi? Kuna msiba?"

"Hajui shughuli inahusu nini," alisema Pulkeria, akaweka alama kwenye daftari lake.

"Ngoja kwanza," alisema Mkurugenzi. "Huyu? Huyu ni mgonjwa!"

Bi Siwema alimkazia macho. "Na wewe si Gwandumi? Gwandumi wa darasa la tatu? Aliyekuwa anarudi kwenye foleni na bakuli la kuazima, anavaa kofia eti nisimjue?"

Majirani wote wakamgeukia Mkurugenzi.

"Shikamoo, Mama," alisema Mkurugenzi.

"Marahaba. Umenenepa. Nini hicho kwenye mto?"

"Bolti, Mama."

"Ilete ndani. Jua kali."

Chumbani walimsogeza na kiti chake mpaka kwenye tundu. Hidaya akamwekea mkononi kifunguo kilichopinda kilichokuja na boksi. Mzee Chondoma akasoma hatua, ingawa hakuwa ameishika karatasi. "Kushoto, Bi Siwema. Hapo. Tena. Kaza kama unasaga ulezi." Bolti ikaingia ikilia krr, krr, krr, ikanyamaza. Mfumbati ukabanwa kichwani mwa kitanda. Mzee Chondoma alimtazama Mkurugenzi, kisha akaweka kiganja kizima juu ya ubao, waziwazi, akakisukuma kitanda. Hakikuyumba.

Walimwinua Bi Siwema wakamlaza. Mkurugenzi, kwa mazoea tu, akatangaza kwamba mgeni rasmi sasa atalihutubia taifa.

"Nimechoka," alisema Bi Siwema. "Asanteni." Akafumba macho.

Makofi yalikuwa ya dakika mbili, kimya kimya, kwa ncha za vidole. Wengi walisema hawajawahi kusikia hotuba yenye mwelekeo kama ile. Mkurugenzi akaokota mto wake mtupu akaelekea mlangoni.

Pulkeria akakohoa. "Samahani, bosi. Kifungu cha kumi na tisa. Mkurugenzi haruhusiwi kuondoka kwenye shughuli kabla mgeni rasmi hajaondoka."

"Najua, nilikitia saini mwenyewe." Mkurugenzi akasita. "Kwani anaondoka saa ngapi?"

Hidaya alitazama sakafu kwa aibu. "Hapa ni kwake, bosi."

Mkurugenzi akamgeukia muuguzi.

"Wiki sita asishuke," alisema muuguzi.

"Gwandumi," ilisema sauti kutoka kitandani, macho yakiwa bado yamefumbwa, "kama umesimama tu, nipepee."

*

Kanuni ni kanuni. Mkurugenzi alipepea kwa ule mto mwekundu, na mkono mmoja ulipochoka akapepea kwa mwingine. Jumatatu wananchi wenye shida za bolti walianza kumfuata pale, kwa hiyo lile kabati la vichupa likaletwa kwa mkokoteni na kuwekwa korido ya Hidaya. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Idara imesogezwa karibu na wananchi, na Mheshimiwa akapongezwa kwa wazo lake. Watu wakaanza kualika wageni rasmi wao: mabibi, mashangazi, shemeji mmoja aliyekuwa anachelewa kila mahali bila kulipwa. Pulkeria aliandika barua mpaka wino ukaisha. Mzee Chondoma alizunguka mtaa mzima na kofia yake, akigusa vitu.

Wiki ya saba, asubuhi ya kwanza, Bi Siwema aliteremsha miguu sakafuni. Hidaya alikuja mbio kumshika, akaambiwa aache. Mama akashika ukingo wa kitanda, akasimama, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka kati ya chumba, na Hidaya akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mkurugenzi aliruka kutoka kwenye mkeka. Alivaa koti, akachomeka kalamu zote nne, akakimbia kufungua mlango na kusimama wima pembeni yake.

"Mama," alisema kwa matumaini, "unaondoka?"

"Naenda chooni," alisema Bi Siwema. "Narudi sasa hivi."